Jani la Isale Ndani ya Bahasha

Mdogo wangu Praygod,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Ng'ombe amezaa ndama jike. Migomba ya kando ya mfereji inakauka, maana hawa wanaojenga huko juu wameufukia mfereji kwa kifusi.

Ndiyo maana kwenye mkutano wa kata, waliposema ujenzi wa nyumba za kuishi usimame mwaka mzima ili mji upangwe upya, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Makofi pia nilipiga. Nilidhani nyumba yangu haiguswi, kwa kuwa imeshafika kwenye lenta. Mtendaji akanicheka: "Mama, nyumba isiyo na bati bado ni ujenzi." Kesho yake wakaja kuiandika ukutani kwa rangi nyekundu: SIMAMISHA.

Najua Krismasi unakuja na mkeo, na nyumba ya wazazi ni yako wewe kitindamimba. Hilo sibishi. Nilikuahidi utanikuta nimeshahama. Lakini tangu niachike, Praygod, sina mlango mwingine wa kuingia. Na ule nilioanza kuujenga, nimeufunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndani ya bahasha nimeweka jani la isale. Wewe ni Mchagga, unajua anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Usidhani naomba chumba. Naomba radhi, kwa sababu jana nimebadilisha kitasa cha mlango wa mbele.

Dada yako,
Aikaeli