Kii Moja kwenye Piano ya Kawangware

Jumatano, 3 Septemba 2025

Sura ya tatu imekubalika! Dkt. Kagiri, msimamizi wangu, ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba hii sasa ndiyo tasnifu yenyewe. Nimesoma hayo maneno mara sita kwenye foleni ya maji. Mama wa nyuma yangu akaniuliza kama nimepata kazi.

Utetezi ni Jumatatu, tarehe 15. Na nani angedhani? Tasnifu nzima juu ya marehemu Shivachi, seremala wa Kambi Muru, mpiga piano wa kanisa letu hapa Kawangware kwa miaka ishirini. Vipande kumi na viwili vya piano, vyote kwa sol-fa, yaani noti za doh-re-mi, kwenye daftari la shule. Chuoni walinicheka mwanzoni — sol-fa ni ya kwaya, piano huandikwa kwa mistari mitano. Sasa hawacheki. Nimegundua kwamba Shivachi anairuka "re" ya katikati kila mahali. Nimeiita Ukimya wa Makusudi. Nikaifuata hadi nyimbo za kubembeleza watoto za kwao Kakamega. Kurasa thelathini na nne!

Jumamosi, 6 Septemba

Soko la Toi, kwa Musimbi, binti ya Shivachi. Anauza sweta za mitumba. Nilienda kumshukuru tu, nikamkuta ananingoja na daftari lingine.

"Hii hujaona, Wanza. Ilikuwa kwa sanduku ya tools za mzee, chini ya randa. Nilidhani ni vipimo vya vitanda."

Vipande tisa. Nimevipitia kwa jicho nikiwa nimekalia furushi lake la sweta. Vinane vina "re" tele. Imejaa tu, kama mchele! Nikahesabu tena. Halafu nikaona hivyo vinane vinakosa "la" ya chini.

Musimbi akauliza mbona nimekunja uso. Nikamwambia ni jua. Hakukuwa na jua.

Jumapili, 7 Septemba

Daftari la kwanza, doh, noti ya kuanzia, ni C. Vile vinane, doh ni F. "Re" ya kule na "la" ya huku ni kii moja ile ile. D ya katikati. Nilijua jana pale sokoni, nikakataa kujua mpaka leo.

Baada ya ibada nikamwomba Mutinda, mlinzi wa kanisa, anifungulie piano. Mwaka mzima wa utafiti na sijawahi kuigusa! Imefunikwa kitambaa, juu vyombo vya maua, ufunguo unakaa na kamati ya kanisa. Mimi nilifanyia kazi yangu yote chumbani, kwenye kibodi, earphone masikioni. Msomi mzima.

Nikabonyeza D. Tak. Mbao tupu.

"Hiyo ilikufa kitambo," Mutinda akasema. "Mimi nimekuja hapa mwaka wa tisini na nane nikaikuta hivyo. Shivachi alikuwa anaihepa tu."

Anaihepa tu. Kurasa thelathini na nne.

Jumatatu, 8 Septemba

Sijala. Nimefungua sura, nimefunga sura. Re za juu na za chini zilikuwepo tangu mwanzo, nikaziita bahati kwenye tanbihi ya kumi na moja. Naona aibu hata kuandika hapa.

Hakuna atakayejua. Daftari la pili liko kwangu. Hao watahini hawatafika Kawangware kubonyeza kii.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwambia. Dkt. Kagiri alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema kwa upole — afadhali angefoka — kwamba bila hoja ile sura ya tatu imebaki maganda. Niandike upya kufikia Jumatatu au nisubiri mwaka ujao. Nikiwa mlangoni akaniita. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza Shivachi kwa nini hakuitengeneza kii hiyo. Si alikuwa seremala?

Nikasema nitamuuliza Musimbi. Lakini nimetoka pale nikiwa mwepesi, sijui kwa nini. Nimekula chapati tatu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemuuliza Musimbi. Alicheka kwanza, halafu akaacha.

"Aliomba kamati mara tatu. Wakamwambia hiyo ni zawadi ya wazungu, haifunguliwi na fundi wa vitanda. Akirudi nyumbani anapiga randa tu."

Kisha akatoa mkebe wa kahawa uliojaa misumari na kalamu za seremala. Chini kabisa, kwenye kitambaa: nyundo ndogo ya mbao, si kubwa kuliko kidole changu, kichwa kimevishwa kipande cha blanketi. Ile inayogonga waya ndani ya piano. Aliichonga. Ilikuwa tayari.

Nimelia pale Toi katikati ya sweta, na Musimbi akanipa moja nifute uso. Eti ya grade two, haina neno.

Usiku nimeanza sura upya. Inaandikika! Si ukimya wa makusudi. Ni mtu anayejenga nyumba nzima akizunguka shimo.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimepeleka tena ombi la Shivachi, na kamati imekubali. Mwenyekiti wa siku hizi ni kijana wa benki, hakujua hata kwamba kuna ombi. Alichukua dakika mbili.

Mutinda ameondoa maua na kitambaa. Musimbi amekuja na sanduku la babake. Amefungua mbavu za piano kwa bisibisi. Nyundo ya zamani ilikuwa imekatika shingo. Mpya imeingia bila kupigwa msasa hata kidogo. Sijui mzee alipima vipi kitu alichokatazwa kufungua. Tunangoja gundi ikauke, na ninaandika haya kwenye benchi la mbele.

Sura ina kurasa kumi na tisa. Huenda isitoshe Jumatatu.

Kuna kipande kimoja sijakisema. Cha tisa, cha mwisho kwenye daftari la pili. Kila nilipokipita nilidhani ni zoezi la vidole. Doh ni D, kii ile ile iliyokufa. Kinaanza kwa doh ya katikati, kinarudi kwake karibu kila kipimo, mara arobaini na moja. Nimehesabu sasa hivi. Juu ameandika kwa penseli: Ya siku wakikubali.

Nimemsomea Musimbi. Ameshika gundi kwa kidole. Anasema imekauka.

"Haya, keti. Mimi sijui kupiga. Anza."