Vigelegele vya Zuhura kwenye Wimbo wa Mwingereza

Jumanne. Theluji ya hapa mjini Hopkins imeanza kuyeyuka, na iliyobaki pembeni mwa maegesho ni nyeusi tii. Roho yangu leo ni rangi hiyohiyo.

Nina wivu. Nimeandika, basi.

Chanzo ni shoga yangu Zuhura. Tunajuana tangu Mombasa, na hapa Minnesota ni nadra tukose harusi ya watu wa Pwani. Bibi harusi akitokea mlangoni, Zuhura hupiga vigelegele, hukata, na mimi hudakia. Yeye, kisha mimi, kisha ukumbi mzima. Wengine hutualika kwa ajili hiyo tu, wala hawafichi.

Sasa kuna mwimbaji mmoja Mwingereza, mtu wa roki, magitaa yake yananguruma na sauti yake ni ya mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Kipupwe hiki alikuwa akirekodi Minneapolis, na kahawa akinunua pale anapofanya kazi Zuhura. Siku moja Zuhura akapigiwa simu kwamba dadake amejifungua salama. Akapiga vigelegele palepale kaunta. Yule bwana akamwomba aje studio arudie.

Akaenda. Hakuniambia.

Wimbo umetoka wiki iliyopita, huo mmoja peke yake, bila albamu. Mimi nimejua jana, binti yangu alipoingia jikoni na simu: "Mama, listen, that's Auntie Zuhura!" Nikamwambia apunguze sauti, kichwa kinaniuma. Hakikuwa kikiuma.

Baadaye Zuhura mwenyewe akanitumia ujumbe wa sauti: "Shoga, wallahi sikujua kama wata-release hichi kitu! Nilidhani wanajichezea tu. Usinune, eh?"

Nimenuna. Sijamjibu mpaka sasa.

Leo dukani, ninakouza madira na udi, habari ni hiyo tu. Mteja mmoja, mkono juu ya dira ambalo hakulinunua, akaniambia, "Kumbe ile sauti ya harusini ni Zuhura! Siku zote nilidhani ni wewe." Nikalikunja lile dira taratibu, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kweli kabisa, nilitamani wimbo uwe mbaya. Nilipofunga duka nikaketi garini nje ya nyumba, nikausikiliza nikitafuta kasoro. Ni mzuri. Hilo ndilo linalonichoma.

Katikati magitaa yanakatika, Zuhura anaingia na koo lake lote. Kisha anakata. Halafu kimya, hata ngoma hakuna, ndipo gitaa linarudi polepole. Wasikilizaji watadhani huo ni ustadi wa Mwingereza.

Mimi nakijua kile kimya. Ni changu.

Zuhura amekata palepale anapokata siku zote ili nidakie. Kule studio, mbele ya watu asiowajua, alikuwa ananisubiri, na pengine hata mwenyewe hakujua.

Nikaurudisha nyuma. Ulipofika pale nikadakia kwa nguvu zangu zote, madirisha yamefungwa. Jirani aliyekuwa akitembeza mbwa akageuka. Mbwa naye akageuka.

Ilikaa sawasawa. Ningetegemea hapo moyo upoe, lakini wivu ndio kwanza ukapanda. Nafasi yangu imo ndani ya wimbo, watu wa nchi nzima wanaisikia, na mimi simo.

Jumamosi kuna harusi Plymouth, mji wa jirani hapahapa Minnesota. Tangu jana najiapiza kwamba Zuhura akikata, nitafunga mdomo, nimwache aaibike peke yake. Lakini namjua. Atageuka anitafute kwa macho, na mimi nitakuwa nimevaa dira la harusini tulilonunua pamoja. Nitaweza kweli?

Sitaweza. Nitadakia.

Ila safari hii nitachelewa kidogo. Nataka na yeye akisikie kile kimya, kilekile cha kwenye wimbo, kabla sijamjibu.