Mume wa Sidi Yuko Magarini

Baba,

Shikamoo. Naitanguliza hii kabla ya neno lolote, kwa kuwa najua umekasirika, na mtu aliyekasirika haanzwi kwa maelezo. Mgongo waendeleaje? Na Mama, macho yamepata nafuu tangu apelekwe Malindi? Sisi huku tu wazima wa mwili. Baridi imeanza, nasi tumeizoea. Barua hii namkabidhi mwenzangu wa kazini anayekuja likizo Watamu. Ameapa ataifikisha Magarini kwa mkono wake. Kazungu akusomee, na umwambie asiruke mistari kama afanyavyo kanisani.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu haya hayasemeki mbele ya anayehusika, na nyumba yetu ni chumba kimoja na jiko. Anayehusika ni mke wako.

Najua umepiga kila Ijumaa na simu haikupokelewa. Nilikutumia ujumbe kwamba nina kazi nyingi. Kazi nilikuwa nayo, lakini siyo iliyozuia simu. Nilikatazwa, na baba yake Sidi huko Mombasa akanisihi nisikutie hofu mpaka jambo liishe. Sasa limeisha, ila limeacha jingine nyuma yake.

Shuleni kwa Sidi, mwalimu aliwaambia watoto wachore watu wanaowapenda, kisha kila mmoja asimame awaeleze wenzake. Sidi alikuchora wewe na kofia yako, na mbuzi kando. Akawaambia, kwa Kiswidi kilichonyooka kuliko changu, kwamba huyo ni mumewe. Kwamba yuko mbali, ni mzee, na ana mke mwingine ambaye humwonea wivu kwenye simu. Kwamba ameshamtengea mbuzi, na akimaliza shule atakwenda kumpikia. Baba, hakuongeza hata neno moja. Yote hayo umemwambia wewe mwenyewe, na Mama akadakia kwamba mke mwenza mvivu hamtaki kwake.

Siku hiyo hiyo nikapigiwa simu kutoka shuleni nikiwa kazini.

Kazi yangu waijua, ingawa huachi kuicheka. Ulinisindikiza mpaka Kilifi ukiuliza kama kweli kuna serikali ya watu itakayonilisha kwa kuwauliza wageni wanaongea lugha gani nyumbani. Ndiyo hiyo. Naingia kwa familia za Wasomali, za Wasiria, za Wakongo, naweka kinasa sauti mezani, nauliza: mtoto mwamsemesha kwa lugha gani? Akikasirika hutumia ipi? Akiulizwa yeye ni nani, hujibu nini? Profesa anayenisimamia amenifunza nisiunge mkono wala nisipinge, nikae kama mgeni aliyekuja kunywa chai. Nimekuwa hodari wa hilo. Wanawake wamelia mbele yangu nami nikaangalia kama kinasa kinafanya kazi.

Basi wakaja wawili kutoka ofisi ya watoto, mmoja wao mwanamke. Wakavua viatu mlangoni, wakaketi vile ninavyoketi mimi kwa watu. Wakauliza mtoto namsemesha kwa lugha gani. Wakauliza yeye hujiita nani. Kisha wakauliza kama kwetu watoto huozwa, na hapo yakawa si maswali yangu tena. Nilijibu kwa utulivu, na kadiri nilivyotulia ndivyo walivyozidi kuandika. Niliogopa, Baba. Huku mtoto anaweza kuondolewa nyumbani uchunguzi ukiendelea, na mimi nimekaa na kina mama walionyang'anywa wa kwao. Nilikuwa natabasamu na kuwaongezea chai.

Nikawaambia kwetu babu na mjukuu ni watani: mjukuu wa kike ni mke wa babu, wa kiume ni mume wa nyanya, ndivyo tulivyokuta. Yule mwanamke akauliza, kwa upole kabisa, kama mtoto mwenyewe anajua kwamba si kweli. Si kweli, lakini si uongo pia, na sikuwa na neno la Kiswidi la kukaa katikati hapo. Wala la Kiswahili. Na mimi nani wa kuueleza utani huo? Miaka yote ukiniita mama mkwe, mimi hugeuza maneno nikajifanya simu inakatika.

Wakamwita Sidi, wakamwuliza mume wake humfanyia nini. "Huniuliza nimekula nini," akasema. "Nikisema tambi, hununa."

Hilo nalo likaandikwa. Wakaagiza kwamba mpaka wamalize, mtoto asizungumze na mwanamume huyo. Mwanamume huyo ndiwe wewe. Ijumaa ya kwanza simu ilipolia, Sidi aliikimbilia, nikaiwahi na kuizima. Nilimwambia mtandao mbaya. Ijumaa zilizofuata hakuikimbilia tena, aliniangalia tu.

Profesa nilipomweleza alinipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akaniambia niandike kila kitu, maana data ya namna hiyo ni adimu. Nikamjibu, "Hiyo si data, ni baba yangu." Mwenyewe nilishangaa, kwa kuwa sijapata kumkatia maneno mtu aliye juu yangu.

Nimemkumbuka sana yule Mtaliano wa Watamu uliyemtunzia bustani. Watoto wake walizaliwa pale pale, wakaongea Kiswahili cha kutushinda sisi, wakakuita babu. Yule mdogo wa kike ukamwita mke wako mbele ya mama yake, naye mama akadai mahari, ukampelekea madafu. Hakuna ofisi iliyokwenda kuwauliza wale watoto wao ni nani. Sisemi kwa uchungu, au labda kwa uchungu kidogo.

Mkutano wa mwisho walikuja na mkalimani, ingawa sikumwomba. Mzee wa Bukavu, suti imempwaya. Yule mwanamke akaanza kumweleza shauri, na kabla hajalifikisha kwa mbuzi, mzee alikuwa ameshika tumbo. Alicheka mpaka akaomba maji. Akawaeleza kwa lugha yao, kisha akanigeukia akanirudishia kwa Kiswahili:

"Mimi nyanya yangu aliniacha siku niliyooa. Alidai talaka yake mbele ya wageni wote, halafu akamchezea bibi harusi ngoma mpaka asubuhi."

Akaongeza kwamba yeye naye ana wake watatu Bukavu, na mkubwa wao ndiyo kwanza anang'oka meno. Yule mwanamke wa ofisini alijaribu kutocheka, akashindwa. Juma lile shauri likafungwa. Waliomba tu Sidi afundishwe kusema "babu" akiwa shuleni, watu wasishtuke. Nilikubali. Si vibaya mtoto kuwa na neno la darasani na neno la nyumbani.

Sasa ndiyo nije kwa hilo lililobaki. Tangu simu zikatike, Sidi hasemi Kigiriama. Namsemesha, hunijibu kwa Kiswidi. Kwenye somo la Kiswahili wanalopewa watoto wa wageni shuleni hukaa kimya mpaka kengele ilie. Watoto wa namna hiyo nimewaona wengi, Baba, na najua wanakoishia. Mimi huandika kwamba lugha ya nyumbani imenyamaza, nikafunga begi nikaenda zangu nyumbani. Safari hii nyumbani ndiko kwenyewe.

Nilidhani ni hofu ya zile ofisi. Lakini juzi, akivaa soksi, aliniuliza jambo kwa Kigiriama, la kwanza kwa Kigiriama kwa muda mrefu. Aliuliza kama tsawe, babu yake, ndiwe wewe, amempa talaka.

Kumbe siku ya mkalimani alikuwa jikoni, na Kiswahili cha yule mzee kilimfikia chote. Akajua kwamba ndoa ya namna hii nayo huvunjika. Akajumlisha na simu kutopokelewa, na hakuna anayemnunia kwa sababu ya tambi, akapata jibu lake. Nilimwambia hapana, hajaachwa. Akaniambia mimi sijui, aliyemwoa si mimi. Nilikaa sakafuni pale na soksi ya pili mkononi, nikalia mbele ya mtoto. Nimechoka kukaa kama mgeni.

Kwa hiyo Ijumaa piga. Atapokea yeye, mimi sitaigusa simu. Usianze kwa kumpa pole, wala usimtajie ofisi. Mwulize amekula nini, unune vizuri, kisha umjibu hilo swali lake kwa mdomo wako. Ameshaniambia akisikia bado yumo ndoani, atataka leso, doti kamili, na mke mwenza asiivae kwanza.

Nisalimie huyo mke mwenza, mama yangu, na umwambie mwenzake yungali na ulimi. Nisalimie shangazi Dama wa Marafa, anayenitumia mabuyu mpaka watu wa forodhani wamenijua. Baba yake Sidi akija kutoka Mombasa mwonyeshe barua hii, asome penye machozi. Na Kazungu, ndugu yangu mpenda soko, akome kumtazama yule mbuzi. Ana mwenyewe.

Nimemaliza, Baba. Ijumaa usichelewe, maana mwanangu sikumwoza kwa mtu wa kumweka roho juu.

Ni mimi,
Kache,
mama mkwe wako