Mtani, Lile Tusi Lako Limo Kwenye Albamu

Mtani wangu, Mzaramo uliyelala,

Albamu yetu imetoka, na Tabora nzima inasema aliyeng'ara ni mpiga besi, yaani mimi. Haya, naongopa. Aliyesema hivyo ni mke wangu, na alikuwa anataka nikamchukulie gunia la mkaa. Wengine wote wanakusifu wewe na gitaa lako.

Unaikumbuka alasiri ile ukumbini Isevya? Wazee wanne, magoti mabovu, tunapiga roki yetu ya nyimbo ndefu, zile ambazo mtu hutoka kunywa chai, akirudi anakuta bado tuko njiani. Katikati ya wimbo mrefu kuliko zote waya wa gitaa lako ukakatika. Nikajua tumeumbuka. Wewe ukapaza sauti mbele za watu: "Beba, Mnyamwezi! Kama babu yako alivyombebea babu yangu meno ya tembo mpaka Bagamoyo!"

Nikabeba. Besi na ngoma tukatembea wawili, wewe umeinama unafunga waya mpya bila haraka, kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Kumbe mashine zilinasa yote. Juzijuzi, wewe umeshaondoka, fundi wa kurekodi, dada mmoja mstaarabu aliyetoka mbali, akaniambia, "Shikamoo baba. Lile tusi nimekuondolea."

"Marahaba. Tusi lipi?"

"La kabila. Yule mzee alikuvunjia heshima."

Jukwaani hukuwa mtu wa maneno. Sauti yako ya kusema iliyobaki duniani ni hiyo tu. "Mama, rudisha tusi langu," nikamwambia. "Yule ni mtani wangu. Asingenitukana, ndipo angenikosea." Akanitazama kama nina homa. Bahati nzuri alikuwa hajalifuta.

Jana nimesikiliza. Unanitukana, ukumbi unacheka, halafu gitaa linaingia. Waya mpya haujakaa sawa, nasikia kabisa unavyolegea, na wewe unaukunja kwa kidole mpaka unaimba. Nimepiga nawe tangu tuna nywele, mtani, na hilo sikulijua. Siku ile nilikuwa nimeelemewa na mzigo. Jana hiyo nilivua kofia peke yangu sebuleni, mimi nisiyeivua mpaka padri anikazie macho.

Tulipokuzika, watani wenzangu walizuia jeneza wakadai jogoo, ada yao ya utani. Mimi sikudai kitu. Sasa nadai changu: njoo ndotoni, gitaa uje nalo, unionyeshe kile kidole ulikiweka wapi.

Ni mimi mtani wako,
Mnyamwezi wa besi