Karatasi Chini ya Mguu wa Cherehani

Jumapili alasiri, Juni. Baridi.

Upepo wa milima ya Matogoro umeanza asubuhi na haujatulia. Nimevaa koti la marehemu baba, lakini vidole bado vizito kwenye herufi hizi za kompyuta ya duka la intaneti. Ila nisisingizie baridi. Nina hasira. Mimi si mtu wa hasira. Mke wangu Skola alikuwa akisema hata kuku akiingia ndani mimi namwomba atoke. Leo nimejibizana na shangazi yangu mbele ya ukoo, na siku ikirudi nyuma nitajibizana naye tena.

Nianze na Alhamisi.

Alhamisi nilikwenda kliniki kwa sababu vidonge vyangu vilikuwa vimeisha. Nina ugonjwa wa utumbo mpana. Utumbo unavimba na kufanya vidonda kwa ndani, unatulia miezi kadhaa, halafu unaamka, na ukiamka ni kuharisha damu kutwa nzima. Hauambukizi, na hauponi kabisa. Nimemeza salfasalazini, vile vidonge vikubwa vya manjano, miaka kumi na mmoja. Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu cha kazi sikukichagua kwa ajili ya wateja. Nilikichagua kwa sababu choo kiko hatua chache nyuma yake.

Daktari alikuwa mgeni, mama wa makamo. Alisoma cheti changu, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema sina, na mke wangu amefariki. Akanipa pole. Kisha akauliza kama kuna mtu aliwahi kunieleza kwamba dawa hii hupunguza mbegu za kiume.

Nilimwomba arudie.

Akarudia taratibu. Kwamba wanaume wengi wanaoitumia mbegu zao hupungua na kudhoofika, na wenyewe hawajui, maana nguvu za kiume ni jambo jingine. Kwamba hali hiyo si ya kudumu. Dawa ikibadilishwa, baada ya miezi miwili mitatu mbegu hurudi. Kwamba ipo dawa nyingine, ndugu yake, ambayo haifanyi hivyo, na tangu maduka ya dawa ya watu binafsi yaruhusiwe mtu anaweza kuiagiza Dar. Akanionya nisiache vidonge ghafla, nitauamsha ugonjwa. Nadhani aliiona hasira yangu kabla mimi sijaiona.

"Miaka yote hiyo," akasema, "hakuna aliyekuuliza kama unataka mtoto?"

Hakuna.

Waliniuliza habari za choo. Mara ngapi, rangi gani, damu kiasi gani. Kitanda changu hakuna aliyekiuliza, na mimi nisingethubutu kukitaja. Sasa nitakitaja hapa, maana hapa hakuna shangazi. Ugonjwa ulipoamka, ilipita miezi sikumgusa mke wangu. Sikuwa na hamu, na mwili ulikuwa umechoka kama kitambaa kilichofuliwa mara mia. Na niliogopa. Niliogopa tumbo lisije likaniaibisha pale pale. Nilikuwa nageukia ukutani, na yeye alikuwa akinifunika mgongo kwa kanga. Akihakikisha nimelala, ndipo naye anageuka.

Sikuwa nimelala.

Ugonjwa ulinianza miaka ile ambayo mtu akikonda na kuharisha, mtaa mzima una jibu tayari. Tulikwenda kupima virusi wote wawili, tukakutwa wazima. Lakini majibu ya damu huwezi kuyavaa shingoni kama skapulari ya kanisani watu wakaona. Kwa hiyo tulikubaliana habari ya tumbo langu isitoke nje ya chumba chetu. Hata mama yangu hakujua. Aliambiwa nina madonda ya tumbo, ya asidi, kama nusu ya watu wa Songea.

Siri hiyo ilinilinda mimi. Mwaka wa tatu wa ndoa, watu walipoanza kuhesabu, mimi nilionekana mzima, basi mbovu akawa yeye.

Shangazi Otilia, dada yake baba, alileta mizizi kutoka kijijini. Skola aliichemsha akanywa na uchungu wake, mwezi baada ya mwezi, na mimi nilikuwa namwona anavyokunja uso akimaliza kikombe. Alikwenda hospitali. Akapimwa damu, akapimwa mirija ya uzazi, akarudi anatembea ameinama. Wakamwambia hana kasoro. Nesi akaandika karatasi, akampa aniletee.

Hapa ndipo hasira yangu inapokosa mahali pa kukaa.

Daktari hakuniambia, ni kweli. Shangazi alimwonea, ni kweli. Lakini ile karatasi nilipewa mimi. Ilisema mume aje apimwe. Niliisoma nikiwa kibarazani, nikaona soni, nikaona nimetukanwa. Sakafu ya kibaraza ina bonde na cherehani ilikuwa inatikisika. Nikaikunja mara nne, nikaiweka chini ya mguu wake. Ikatulia vizuri sana.

Skola alikuwa akiniletea chakula pale kila mchana. Alikuwa akifagia chini ya cherehani ile, anazungusha ufagio kuzunguka mguu, polepole, asiiguse. Hakuniuliza hata siku moja.

Na kuna jambo jingine, dogo, ambalo tangu Alhamisi haliniachi. Vidonge hivi hugeuza mkojo ukawa rangi ya chungwa. Siku moja alikuwa anafua nguo zangu za ndani, akacheka, akasema, "Baba, dawa inayopaka rangi mpaka mkojo, huko kwingine inafanya nini?"

Nikamjibu yeye si daktari.

Alikuwa darasa la saba kama mimi. Aliliona kwenye beseni la kufulia jambo ambalo hakuna aliyenieleza. Nami nilimnyamazisha, na Agosti iliyopita kichomi kilimchukua kwa siku nne, bado anaitwa tasa.

Sasa leo. Baada ya misa tulikuwa na kikao kwa mama, Bombambili, kupanga kujengea kaburi la Skola, maana mwaka unakaribia kutimia. Wakapanga misa, saruji, nani atakoroga togwa. Kisha binamu yangu Anselmi akatoa karatasi ya historia ya marehemu, ile aliyoisoma siku ya mazishi. Akauliza kama asome hiyo hiyo.

Naikumbuka karatasi ile. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa lini, halafu: marehemu hakujaliwa kupata mtoto. Siku ya mazishi iliposomwa, wanawake waliguna, na mama yake Skola aliinamisha kichwa kana kwamba amefumaniwa akiiba.

Shangazi akasema asome hiyo hiyo, ndiyo kweli yenyewe. Kisha akanigeukia kwa utani, na utani wake wote wanaupenda. Akasema tukishamaliza la kaburi, wameniangalizia mama mmoja wa Mfaranyaki, ana watoto wawili tayari.

"Huyo, Wendelini, shamba lake mahindi tumeshayaona."

Wakacheka. Hata mimi mdomo wangu ulianza kucheka, kwa mazoea tu.

Nikasimama. Nikasema, "Shangazi, kwa heshima yako. Shamba la Skola halikuwa na kasoro. Mbegu zangu ndizo hazikufaa, kwa sababu ya dawa ninayomeza. Tasa nilikuwa mimi."

Anselmi akaangalia viatu vyake. Nikawaeleza yote, utumbo, damu, vidonge, hata kipimo nilichokataa. Nilidhani wangeona haya kwa ajili yake. Shangazi akanishika mkono, kwa upole kabisa, na huo upole ndio unanichoma hadi sasa.

"Mwanangu, mwanaume hajitangazi hivyo. Skola hasikii tena jina hilo. Mwache aende nalo."

Mwache aende nalo. Kama vile ni shuka tulilomzikia.

Nikamwambia hakwenda nalo, tulimtwisha, na mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mzigo. Nikaichukua ile karatasi mkononi mwa Anselmi, nikatoka. Mama alinifuata hadi kwenye mibuni. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Umeumwa tangu lini?" Nikamwambia miaka kumi na mmoja. Akaketi juu ya jiwe, akasema Skola alikuwa akija kumwomba majani ya mpera ya tumbo, akidai tumbo linalouma ni lake mwenyewe.

Hata tumbo langu alilibeba.

Kabla ya kuja hapa nilipita kibarazani. Nikainua cherehani, nikaitoa karatasi ya nesi. Kwa nje ni nyeusi kwa mafuta na vumbi. Kwa ndani ni safi kama ya jana, mwandiko unasomeka wote. Mume aje apimwe.

Nitazibana pamoja karatasi hizi mbili, ya nesi na ya Anselmi. Historia ya marehemu sitamwachia Anselmi. Nitaiandika na kuisoma mwenyewe, na mama yake Skola atakaa mbele, ainue kichwa. Pale penye "hakujaliwa" nitaandika kwamba alikuwa hana kasoro, kwamba alitunza mume mgonjwa na siri yake, na kwamba mume huyo alikataa kupimwa. Asiyetaka kusikia aondoke na togwa yake.

Je, sauti yangu itafika mwisho wa ukurasa? Sijui. Nitajizoeza.

Nimeijaribu cherehani bila ile karatasi. Inatikisika vibaya, mshono unakwenda upande. Kipande cha mbao kipo, ningeweza kukichonga kwa dakika mbili.

Sitakichonga. Kuanzia kesho nitashona ikitikisika, hadi siku ya kaburi la Skola.