Masahani ya Mama ku Mugongo ya Tembo

Kampemba, Lubumbashi
Tarehe 14 mwezi wa sita 2025

Mupendwa yaya Léonie,

Nilikukosea. Naandika ile neno mbele ya kukusalimia, juu nikianza na salamu nitaogopa, nitafunga barua.

Jambo, yaya. Muguu ya shemeji Kangwa inapona? Mihogo ya kule Lukafu iko namna gani? Siye tuko. Joëlle muke yangu alipona malaria, sasa ni baridi tu njo inatupiga asubui.

Sasa usikie. Comité ya quartier ilipatia kila avenue sanamu moya ya nyama ya pori, ya ciment, ya kusimamisha ku barabara. Avenue ya nyuma balipata twiga. Siye tulipata tembo, mugongo yake inapita ukuta ya lupango yetu kwa urefu. Mama Edith, njo anaongoza ile kazi hapa, alipita ku kila nyumba kuomba masahani yenye ilivunjika, juu ya kumuvalisha tembo bile bipande.

Kwetu tunakula mu plastike, unajua. Plastike haivunjike. Mama Edith akasimama ku mulango na kitunga yake, akasema na nguvu, bantu bote banasikia:

"Papa Pierre, weye unakulaka mu mikono? Hata sahani moya, zéro?"

Bajirani bakakufa na kicheko. Yaya, haya ikanishika. Nikamuambia angoje.

Nikafungua ile malle, sanduku kubwa ulituachia, yenye masahani ya mama ya maua ya bleu. Ile ulisema ni ya Myriam binti yako, siku ataolewa. Ilikuwa yote mizima. Nikaifunga mu kitenge juu isilie sana, nikaipiga na nyundo. Kiisha nikatoka inje, kichwa juu, nikamwangia Mama Edith bipande mu kitunga.

"Eh! Hii yote ilivunjika namna gani?"

"Batoto, mama."

Batoto gani? Ba kwetu bote ni bakubwa, beko Kolwezi. Nilibasingizia hata bo.

Lakini yaya, ungeona ile tembo! Chomba, fundi wa kubandika, alimufunika na bâche, turubai kubwa, mpaka amalize. Siku alitosha bâche, jua ya asubui ikamupiga, na hata benye pikipiki balizima ma moteur, bakashuka kuangalia. Sikuwaza kama bitu ya jalala inaweza kugeuka vile. Tumbo nyeupe inangaa sawa maji. Na pa mugongo, kutoka shingo mpaka mukia, maua ya mama inashuka sawa muto. Mama moya alitosha bilato ku miguu mbele ya kukaribia.

Kiisha makelele ikaanza, kila muntu anatafuta sahani yake. Muke moya akasema: "Angalia, hii njo nilimutupiaka bwana yangu!" Mama Edith akamujibu: "Tunajua, alama iko ku kichwa yake!"

Miye niliweka mukono ku ile mugongo, nikafwata maua na kidole. Mama alitupakuliaka bukari na mboga mule, miye na weye. Leo bantu banatoka mbali, mpaka kule Ruashi, kuja kuangalia.

Banasema Papa Pierre njo alipatia tembo mugongo yake. Na miye nacheka nabo. Kila asubui napita pale kuenda kazi. Kama ilikuwa mubaya, labda ningesahau. Iko muzuri kupita, njo inaniumiza. Na ciment ilishashika, hakuna wa kuibandua.

Wiki yenye ilipita ulinipigia telefone, ukasema nilete masahani mbele ya ndoa ya Myriam, tarehe tisa mwezi wa munane. Niliitika ndiyo. Ile nayo ilikuwa uongo.

Salimia shemeji Kangwa, na bakwe benye banakuja. Myriam umusalimie sana, lakini usimuambie kitu. Usibebe ile haya pa nafasi yangu. Tarehe mbili mwezi wa munane, siku ya posho, wiki moya mbele ya ndoa, nitafika Lukafu. Miye mujomba yake nitakaa chini mbele yake na mbele ya bakwe, nitasema na kinywa yangu: masahani yako ilikuwa mizima, ni miye nilivunja.

Mungu akupatie moyo wa kusoma hii barua mpaka mwisho.

Mudogo yako anayekupenda,
Pierre