Mshenga wa Danevang

Alhamisi, 21 Agosti

Zamu imeisha saa nane mchana. Foklifti imenigomea mara mbili, sikujali. Nimepanga paleti za matairi huku napiga mluzi mpaka msimamizi akaniuliza nina nini. Sina kitu. Nina wikiendi tu!

Pete iko ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu ndani ya begi. Nimeikagua mara tano tangu asubuhi. Nafanya kama mtu aliyeiba.

Mpango ni huu. Kesho natoka hapa Grand Prairie mapema, namchukua mpenzi wangu Neema kwake Sharpstown, Houston, tunateremka kusini hadi Danevang. Ni kijiji cha Wadenishi katikati ya mashamba ya pamba. Babu zao walitoka Denmark wakalima hapo, na wajukuu bado wapo. Nilikiona kwenye simu nikakipenda papo hapo. Neema amechoka na maduka makubwa ya Houston, anataka mahali ambapo hakuna mtu tunayemjua. Na mimi nataka kumwuliza mahali hapo hapo.

Miaka miwili tumekuwa watu wa barabara kuu, wiki hii mimi nashuka, wiki ijayo yeye anapanda. Nimechoka. Nataka mke.

Pascal kanifuata kwenye maegesho. Ni Mrundi, tunapakia pamoja, baba wa watoto watano na mtu wa kanisa. Anasema niende naye, mtu hajiposei mwenyewe. Nikamcheka. Nikamwambia hii ni Texas, siendi kutembea na kijiji kizima. Akatikisa kichwa akaingia garini mwake.

Doa moja tu. Shangazi wa Neema naye anakuja. Jumanne anarudi nyumbani kwao Maswa kwa miezi sita, anasema hawezi kuondoka bila kuiona hiyo Denmark. Sawa. Aione, halafu aende salama, nasi tutapumua.

Ijumaa, 22 Agosti

Joto la kuchemsha ubongo. Masaa manne na nusu barabarani hadi Houston, foleni mbili. Neema alikuwa ananisubiri chini ya ngazi za apatimenti. Suruali nyeupe, nywele mpya.

Shangazi Kulwa akakaa kiti cha mbele. Hakuuliza. Kitenge kipya, kilemba kipya, mkoba mkubwa mapajani kana kwamba tunakwenda harusini. Nikafikiri huyu mama amejipamba kwa ajili ya Wadenishi.

Njia nzima maswali. Wazee wako wako wapi? Morogoro, Shangazi. Na hapa Texas una ndugu? Sina, Shangazi, nina marafiki. Akauweka mkoba sawa. Halafu: na hao wenzako, wanatufuata na gari lingine?

Nikamwambia hapana, tuko sisi tu watatu. Kwa fahari kabisa. Akageuka akaangalia dirishani mpaka tukafika. Neema kwenye kioo alikuwa ananikazia macho. Nilidhani ni mapenzi.

Tumelala El Campo, hoteli ndogo kando ya barabara, dakika chache kutoka Danevang. Wao chumba kimoja, mimi kingine, kama inavyotakiwa. Baada ya chakula Shangazi akakaa mapokezi, wima, mkoba mapajani. Nilimpita mara mbili kwenda kuchukua maji. Nikamsalimia shikamoo mara zote mbili. Marahaba ya pili ilikuwa fupi.

Kesho ndiyo siku yenyewe!

Jumamosi, 23 Agosti

Niandike haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Danevang haina mtaa. Ni kanisa, makaburi, nyumba zilizo mbalimbali, makumbusho madogo, halafu pamba hadi macho yachoke. Ndio msimu wa kuvuna. Mashine zinapita shambani, nyuma yake zinaacha marobota makubwa ya duara yaliyofungwa plastiki ya njano. Shangazi akasema simamisha gari. Akashuka na kilemba chake juani, akaingia kwenye mstari wa kwanza, akachuma kitumba kimoja akakifungua kwa vidole. Amekua kwenye pamba huyu. Kwa mara ya kwanza tangu jana nikamwona anacheka. Akamwita Neema aone, wakaongea Kisukuma, nikabaki nimesimama kando ya gari na soksi yangu ya pete mfukoni, nina furaha isiyo na kifani. Nikajisemea haya, njia imenyooka.

Makumbusho anayahudumia mzee mmoja kwa kujitolea, Carl, mkulima mstaafu. Kofia ya majani, mikono mikubwa. Akatuonyesha sanduku alilokuja nalo babu wa baba yake, Biblia ya Kidenishi, picha za watu wasiocheka. Neema alisoma kila kibandiko. Mimi nilimsoma Neema.

Kisha Shangazi akapiga kelele. Nilidhani ameumia. Kwenye meza ya vyombo vya jikoni palikuwa na kikaango cha chuma chenye mashimo saba ya duara. Chuma cha vitumbua! Kile kile! Carl akaeleza kuwa Wadenishi wanapikia maandazi ya duara humo, unga wa ngano, unageuza kwa sindano ya kufumia. Shangazi akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba kwao ni mchele, na anageuza kwa njiti ya baiskeli. Wakabishana kuhusu moto. Robo saa nzima! Carl akatualika kesho, baada ya ibada, ukumbini kwao kuna kahawa na hayo maandazi. Nikamsaidia kurudisha ndani viti vilivyokuwa barazani, tukaagana vizuri.

Basi, nikaona wakati umefika. Shangazi alikuwa bado ndani anaangalia vitambaa vya mezani. Nikamchukua Neema tukatembea hadi kanisani. Kivuli kidogo, upepo, hakuna mtu. Nikapiga goti. Kama kwenye sinema. Nikatoa pete, kwanza ikatoka na soksi, tukacheka wote, nikasema maneno niliyoyafanyia mazoezi wiki nzima juu ya foklifti.

Neema akaacha kucheka. Akatazama nyuma kule makumbusho. Akaniinua kwa kiwiko, tena kwa nguvu.

“Usiniulize. Please, usiniulize mimi sasa hivi.”

Akafuta vumbi kwenye goti langu kwa mkono wake, akaondoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Nimeendesha gari hadi hotelini bila redio. Nimekataliwa, na goti linauma.

Jumamosi hiyo hiyo, magharibi

Mimi ni mjinga. Niandike kwa herufi kubwa: MJINGA.

Neema kanikuta kwenye mashine ya barafu, ndoo mkononi. Nilimwambia nimeelewa, asijali, nitamrudisha Houston kesho na hatutasumbuana. Akaweka ndoo chini.

“Umeelewa nini wewe? Shangazi anasubiri barua ya posa tangu jana! Kijana anakuja kutuchukua na gari, anatulipia hoteli, anampeleka shangazi safari, halafu barua hamna? Amebeba mkoba mtupu kabisa ili aiweke humo. Jumanne anaipeleka kwa baba mkononi.”

Kitenge kipya. Kukaa mapokezi wima. Wenzako wanatufuata na gari lingine? Alikuwa anamngoja mshenga wangu, na mimi nilimwambia kwa fahari sina mtu. Alidhani nimekuja kumchezea binti wa kaka yake mbele ya macho yake.

Nikamwuliza Neema, na wewe? Akasema jibu lake nalijua, lakini halisemi kabla baba yake hajapata barua. Akisema leo ndiyo, kesho kwao wataambiwa binti amejiozesha kando ya barabara. Yeye ndiye kitinda mimba. Baba yake alishaozesha mabinti watatu kwa barua, yeye hatakuwa wa kwanza kumvunjia heshima. Alichota barafu mpaka ndoo ikafurika. Sijawahi kumwona hivyo.

Barua isipotoka kesho, Shangazi anaondoka na hadithi nyingine kabisa. Anaifikisha Maswa kabla yangu. Naogopa, nasema ukweli. Lakini moyo unaruka! Jibu nalijua, kasema nalijua!

Jumapili, 24 Agosti

Saa moja asubuhi nimempigia Pascal. Nikamweleza. Alicheka mpaka akampa mkewe simu, mkewe naye akacheka. Gari lao liko gereji tangu Ijumaa na yeye ana zamu, hawezi kufika. Lakini kanipa sifa za mshenga: mtu mzima, mwenye ndoa, anayeheshimika anapoishi. Na mimi nisiwepo anapoitoa barua.

Karatasi ya hotelini ina nembo, sikutaka. Nimenunua daftari kituo cha mafuta, la mistari, na bahasha moja nyeupe. Niliandika garini, kiyoyozi kikiunguruma. Nimeharibu kurasa sita. Ya saba ilitoka: mimi nani, mtoto wa nani, nafanya kazi gani, naomba nini. Hakuna maneno ya sinema. Kuandika jina la baba yangu na jina la baba yake kwenye ukurasa mmoja kumenitoa jasho kuliko goti la jana.

Mtu mzima, mwenye ndoa, anayeheshimika anapoishi. Nilikuwa namjua mmoja tu.

Nikamkuta Carl nje ya ukumbi, ibada imekwisha, anapanga vikombe na mkewe. Nikamweleza kwa Kiingereza, haraka, nimechanganya kila kitu. Akanisikiliza hadi mwisho. Aliuliza mawili tu. Je, yule mama ataudhika akiletewa na mgeni? Nikasema ataudhika zaidi akiondoka mkono mtupu. Na yeye aseme nini? Nikasema aseme ametumwa, basi, mengine yamo ndani. Mkewe akaingia jikoni akarudi na kitambaa cheupe cha mezani, kimetariziwa pembeni, akaifunga bahasha humo bila kuambiwa. Sikumwambia kwamba ndivyo inavyofanyika kwetu.

Mimi nikakaa nje. Nimetazama kupitia dirisha, Mungu anisamehe.

Carl alivua kofia. Akapita katikati ya meza, kahawa na maandazi pande zote, watu wakimsalimia, hakusimama. Shangazi alikuwa ameketi na Neema pembeni. Neema alimwona kabla yake, akainamisha kichwa, akanyanyuka akatoka kama inavyopasa. Akanipita mlangoni. Hakunitazama. Alinibana kidole kimoja tu.

Carl akanieleza baadaye. Alisema ametumwa. Shangazi akamtazama kwanza yeye, halafu kitambaa. Akamwuliza, unamjua aliyekutuma? Carl akajibu, tangu jana. Ni mtu mzuri? Carl akafikiri (hilo la kufikiri ndilo lililonitisha) akasema, aliingiza viti vyote bila kuombwa, na hakuviburuza sakafuni.

Shangazi akapokea kwa mikono miwili. Hakuifungua. Akafungua mkoba, akaiweka, akafunga zipu hadi mwisho. Kisha akaomba kahawa.

Nilicheza! Nyuma ya ukumbi, peke yangu, kwenye jua lile! Ng’ombe wa jirani ni mashahidi.

Kurudi Houston Shangazi alikaa tena mbele. Akasinzia, mkono juu ya mkoba. Nilipomteremsha Sharpstown nikampa shikamoo, na safari hii marahaba ilikuwa ndefu, ikaniuliza hata nimekula nini.

Jumanne, 26 Agosti

Ameondoka. Neema anasema mizigo mikubwa aliipeleka mizanini bila wasiwasi, ule mkoba alisema hatauweka hata juu ya viti ndani ya ndege. Kazini nimegonga rafu kwa foklifti. Pascal anaita watu waje waangalie bwana harusi.

Ijumaa, 29 Agosti

Shangazi amefika Maswa jana. Hakuna neno. Neema hapigi simu, anasema si vizuri tuongee sana sasa. Nimekula mara moja leo. Je, kama baba yake hataki Mluguru? Je, kama hataki mtu wa ghala? Nilimtuma Mdenishi kwa mzee wa Kisukuma. Nani anafanya hivyo?

Jumapili, 31 Agosti

Mvua kidogo asubuhi, ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nimefua. Nimepika wali na maharage.

Neema kapiga adhuhuri. Barua imesomwa jana kwao, wazee wote wamekaa. Baba yake aliuliza mshenga ni nani, wa ukoo gani. Shangazi akajibu, ni mzungu, mkulima wa pamba, ana mke na kanisa. Mzee akataka kujua kama kule wanavuna kwa mkono au kwa mashine. Wakaongea pamba nusu saa. Mwishoni akasema kijana alete wazee wake Desemba, wapangiwe siku.

Nilimwambia Neema asante. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha jikoni, mwiko mkononi, nje matone yanaanguka kutoka kwenye bati la maegesho.

Kisha akasema, polepole, sasa niulize.

Nikamwuliza. Akasema ndiyo.